Amplifaya Iliyonukia Ufuta

Amplifaya ya baba ilianza kukohoa wiki ileile nilipopewa kupiga gitaa kanisani. Si utani, ilikohoa kabisa: krrr, kha, kha, halafu kimya, halafu krrr tena. Mwalimu wa kwaya yetu ya vijana akasema mbele ya wote kwamba isipopona kabla ya mazoezi ya Jumamosi, kinanda kitatosha, mimi nikasimame na wasichana wa sauti ya kwanza. Nikaimbe! Mimi nikiimba mbele za watu utadhani naomba ruhusa ya kwenda chooni. Gitaa ndilo linalonisemea.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, ya zile zenye taa za kioo ndani, baba anaziita valvu. Ukiiwasha unasubiri kidogo, zinakuwa nyekundu kama makaa, na sanduku zima linapata joto. Kwa baridi ya Malangali mwezi wa sita, hilo si jambo dogo. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa amepanda kutoka Mtowisa kuja kutusalimia, aliipenda kuliko mtu yeyote. Huko bondeni kwao ni joto mwaka mzima. Hapa alikuwa anavaa masweta mawili na bado anatetemeka.

Ijumaa nilipotoka shule, baba akaitoa barazani. Mama alikuwa sokoni.

"Tuanze na waya," akasema. "Huwezi kumpasua mgonjwa tumbo kabla hujamwangalia koo."

Tukabadilisha waya wa gitaa. Ikakohoa. Tukachomoa gitaa lenyewe. Ikakohoa peke yake.

"Basi gitaa lako halina kosa," akasema, akafungua mfuniko wa nyuma, akanipa penseli. "Gonga kila valvu taratibu. Mkono mwingine uweke mfukoni, usije ukashika umeme."

Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, KRRAA! Kuku wakatimka.

"Tumemshika mwizi!"

Akazima, tukangoja zipoe, tukazibadilisha nafasi ya tatu na ya pili, maana ni za aina moja. Tukawasha. Kelele ikabaki palepale, kwenye tundu la tatu.

"Valvu nzima hii. Ugonjwa uko kwenye soketi." Ghafla akavuta pua. "Transfoma inaungua!" Akachomoa haraka.

Nami nilikuwa nimeisikia ile harufu, ila ilinitia njaa. "Baba, transfoma ikiungua inanukia kama kashata?"

Akaniangalia. Akautoa kwanza umeme uliobaki ndani, maana anasema hizi hutunza umeme hata ukichomoa. Kisha akang'oa valvu na kuliinamisha sanduku juu ya gunia. Ukamwagika ufuta. Ufuta mtupu, mwingine umeshakaangika, mwingine umenasa kwenye soketi na kutoa mafuta.

Bibi akatokea mlangoni na ungo wake mkuukuu, akasimama nyuma ya pazia. "Kumbe unapenya! Nami nasema mbona unapungua."

Sisi tukiwa shuleni na kazini, yeye alikuwa anawasha amplifaya na kuanika ufuta kwa ungo ule juu ya matundu yake ya kutolea joto.

Sasa, baba hawezi kumkemea mkwe wake. Hata kukaa naye sebule moja hakai. Akawatazama kuku, akasema, "Mwanangu, mwambie bibi yako tunamshukuru sana kwa ufuta."

"Mwambie baba yako asijali," bibi akajibu, hatua chache tu kutoka kwake. "Kesho asubuhi naanika mwingine. Redio yenu haiimbi vizuri, lakini kwa kukausha inalishinda jua la huku."

Baba akanitolea macho ya kuomba msaada. Nikaelewa: nisiposema mimi, hakuna atakayesema, na kesho nipo sauti ya kwanza.

"Bibi... usiweke."

"Sikusikii."

"Usiweke ufuta kwenye amplifaya, bibi! Kesho napiga gitaa mimi!"

Hata jirani akachungulia juu ya ua. Nikatamani ardhi inimeze. Bibi akapiga makofi.

"Haa! Kumbe mke mwenzangu ana sauti! Nami wiki nzima nilidhani nimeletewa mwenza bubu!"

Baba akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Tukaisugua soketi kwa spiriti na mswaki wa zamani, tukaiacha ikauke, tukarudisha valvu. Tukawasha. Tukangoja. Nikagusa uzi mmoja, ukalia safi, ukaenda mpaka kwa jirani.

Jumamosi bibi akang'ang'ania kuja mazoezini. Akaweka kiti pembeni ya amplifaya, akanyoosha viganja juu yake kama yuko jikoni. Nikapiga. Katikati ya wimbo mwalimu akasogea, akanusa hewa.

"Nani kaleta kashata humu, na hagawi?"

Bibi akatazama dari. Mimi nikaendelea kupiga, mikono ilikuwa na kazi.