Motoka iliyokohoa kila mvua, na neno la penseli kwenye livret yangu

Wakuu, yambo kwenu wote.

Nimesoma humu kilio cha yule ndugu ambaye gari yake inapoteza moto silinda moja, na fundi amekwisha kumbadilishia nusu ya motere, yaani injini. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Yalinikuta mimi kabla ya uhuru, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nilikuwa dereva, kijana, na meno yote. Sitaongeza chumvi, chumvi ilikuwamo tayari.

Shule yangu ni miaka minne tu kwa mapadri. Mkiona makosa ni yangu, si ya mapadri.

Bwana wangu, Mbelgiji, alikuwa na motoka ya Kiamerika ya kabla ya vita. Msimu wa mvua ulipoanza, nayo ikaanza kukohoa. Pistoni moja inakataa kazi, zingine zinavuta mzigo wake, motoka inatetemeka mpaka kofia ya Bwana inamshukia machoni. Ilitufanyia hivyo njia nzima ya Kipushi. Sikucheka. Nilitaka.

Tukaipeleka garage, kwa mekanisien mzungu aliyevaa koti jeupe kama daktari. Akabadilisha buji zote, plagi za kuwashia moto. Jua likatoka, motoka ikapona, akasifiwa. Mvua ikarudi, kikohozi kikarudi. Akasafisha kabirateri. Jua likatoka, akasifiwa tena. Mara ya tatu dawa zikamwishia, basi akatafuta mgonjwa mwingine: mimi.

Akamwambia Bwana kwamba essence, petroli yenyewe, imetiwa maji. Pipa la essence lilikuwa nyumbani kwa Bwana, na ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu. Kwa hiyo, eti, nauza essence kule cité, mtaa wetu weusi, halafu najaza maji.

Nisimwonee lakini. Buji za zamani zilikuwa zimekwisha kweli. Na ufunguo kweli nilikuwa nao.

Kwa ninyi vijana: wakati ule kila mfanyakazi mweusi alikuwa na kitabu cha kazi, livret. Ukiachishwa, Bwana anaandika humo sababu. Akiandika mwizi, hakuna atakayekuajiri tena, na bila kazi unarudishwa kijijini. Bwana akachukua livret yangu, akaandika "voleur", mwizi, kwa penseli. Akasema Jumamosi atapitisha wino juu yake.

Daftari langu linasema hiyo ilikuwa Jumanne, kichwa changu kinasema Jumatano. Tufuate daftari: nilipewa siku nne za kuwa mwizi wa majaribio. Alikuwa mtu wa haki.

Basi nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikanusa pipa. Nikamimina essence kwenye chupa, nikaikodolea macho nione kama maji yatajitenga. Hayakujitenga. Nikawaza labda naiba nikiwa nimelala.

Alhamisi nikaipeleka motoka kwa Yaya Kasongo. Ni yaya, kaka mkubwa, kwa umri, si kwa damu. Alijifunza ufundi karakana za reli, lakini kwenye garage ile kazi yake ilikuwa kuosha vyuma vya koti jeupe. Wazungu walikuwa wamekwenda kula na kulala mchana, kama kawaida yao. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Jua ikiwaka, inakohoa?"

"Hapana, yaya. Ni mvua tu."

"Basi ile maji ya mu essence, jua ikiwaka inaendaka wapi?"

Wiki tatu, na hakuna aliyeuliza hilo. Mimi pia sikuuliza, mniandike na mimi.

Akaingiza motoka ndani, akafunga milango ya mabati mpaka giza likawa kamili. Akafungua kapo, kifuniko cha motere, akaniambia niwashe. Akachovya vidole kwenye maji, akanyunyizia nyaya za buji.

Wakuu, moto wa buluu ukaanza kutambaa. Badala ya kufika kwa buji, ulitoka kwenye ubavu wa waya na kurukia chuma. Na motoka ikakohoa kikohozi kile kile.

Akaniambia nizime. Akapitisha kidole kwenye waya, akanusa.

"Nani anapakaaka hii mafuta ya taa?"

Nikaanza kukagua matairi, maana ni mimi.

Kila Jumapili kabla ya misa, Bwana alifungua kapo na kupitisha leso nyeupe mle ndani. Ikichafuka, utasikia maneno mpaka mlango wa kanisa. Sasa sisi madereva tulikuwa na ujuzi wetu: kitambaa chenye mafuta ya taa, unapaka matairi, unapaka nyaya, mpira unang'aa kama kiatu cha askofu. Watu wakiwa ndani wanasali, sisi nje tunashindana motere ya nani inang'aa. Mara nyingi nilishinda.

Hakuna aliyetuambia kwamba mafuta ya taa yanaozesha mpira. Unalainika, unapasuka nyufa ndogo, na siku ya unyevu moto unatorokea humo. Koti jeupe hakuzigusa nyaya kwa sababu ndizo zilizoonekana mpya kuliko vyote.

Yaya Kasongo alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mudogo wangu, weye hauko mwizi. Uko muuaji."

Angeweza kubadilisha nyaya kimya kimya. Lakini motoka ingepona, na Bwana angesema: ameacha kuiba. Ikabidi aone.

Ijumaa nikamwomba Bwana aingie garage yake ya nyumbani. Nikafunga milango, nikawasha motere, nikanyunyizia nyaya maji. Akautazama ule moto muda mrefu. Nikamwambia aliyeharibu ni mimi, kwa mafuta ya taa, kila Jumamosi, kwa ajili ya leso.

"Leso ya nani?"

"Yako, Bwana."

Alikwenda kuleta livret, akalifuta neno kwa gomme mbele yangu. Pole hakusema. Lakini nimpe haki yake: alifuta kwa nguvu, karatasi karibu itoboke.

Jumapili iliyofuata, nyaya mpya, leso ikatoka nyeusi.

"Iko chafu," akasema.

"Ndiyo, Bwana. Lakini inatembea."

Akairudisha mfukoni.

Nililojifunza: usiulize tu gari inaumwa wapi, uliza inaumwa lini. Na kitu kinachong'aa kuliko umri wake, anza nacho. Hata kama aliyeking'arisha ni wewe.

Livret ninayo bado. Ukiielekeza kwenye jua, "voleur" linasomeka vizuri tu. Kama kuna mkuu humu anayejua kufuta penseli ya zamani bila kutoboa karatasi, aniandikie hapa chini. Na wenye shida ya nyaya pia karibuni.