Mto Ulio Mbele ya Nyumba Yangu

Nisameheni kwa kucheka huku bado nimevaa nguo nyeusi ya kumlilia mume wangu.

Hapa Ahero, bwana wa barabara alitaka kung'oa sukuma wiki niliyopanda kando ya maji mbele ya nyumba yangu. Alituambia barazani kwamba ule ni mtaro, na kwa sheria mtaro uliochimbwa kwa ajili ya barabara ni sehemu ya barabara.

Mimi si msemaji, lakini mboga ile ndiyo chakula cha wanangu. Nikasimama.

"Bwana, ule ni mto. Mama mkwe amenikataza kuvuka mto wowote kabla matanga hayajaisha, na ule pia aliutaja."

"Mjane hadanganyi!" mzee mmoja akapaza sauti. Watu wakapiga makofi. Nikajiona wakili.

Bwana wa barabara akatazama ng'ambo ya maji.

"Pole kwa msiba, Mama. Nyumba yako ni ile pale?"

"Ndiyo."

"Na daraja liko wapi?"

Nikatazama pindo la nguo yangu nyeusi. Lilikuwa bado linadondosha maji.

"Hakuna, Bwana," nikasema. "Niliruka."