Nilivyookota Mtihani wa Askari

Bado nasikia zile nyaya zikigongana kiondoni mwangu, kling, kling, nikikimbia kutoka kichakani huku najisifu.

Nilikuwa mpishi wa chai kwenye mafunzo ya mbuga, karibu na ziwa la Nakuru. Askari wa wanyamapori na wafugaji walifundishwa kulinda pori pamoja, nami nilitamani sana kuingia darasani. Mwalimu Kiprono aliniambia, "Nionyeshe bidii kwanza, binti."

Asubuhi hiyo, nikitafuta kuni, nikaona mtego wa waya wa kunasia swala. Machozi yakanitoka. Nikaung'oa, nikatafuta mwingine na mwingine, mpaka kiondo kikawa kizito.

Niliporudi kambini, wanafunzi walikuwa wameshaingia porini, kila askari na mfugaji wake. Mchana wakarejea mikono mitupu.

"Mwalimu, hakuna mtego hata mmoja," askari mmoja akasema.

"Haiwezekani! Nilitega mwenyewe jana ili mtafute. Nikafunga vitanzi visikaze, hata sungura angetoka!"

Nikaleta kiondo changu. Nikamwaga nyaya zote mbele ya Mwalimu.

Mzee Lemayian, mfugaji, alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, mpishi wako ametupikia mtihani!"

Mwalimu hakucheka. "Kesho tutarudia. Na wewe binti, darasa usahau."

Sikusahau. Jioni, wenzangu wakila, nilirudi kichakani peke yangu nikatega kila waya pale nilipoutoa. Kila kitanzi nilikivaa kwanza mkononi, nikavuta, nikahakikisha hakikazi.