Tableti za Gredi ya Tatu

Tableti zilipoletwa shuleni kwetu, pembeni mwa mtaa wa Obunga, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusema kama zinafaa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaamua. Kila hadithi aliyoimaliza mtoto ilimpa nyota, na gredi ya tatu nzima ilijaa nyota, hata wale niliojua fika kwamba hawajui kusoma. Kwa hiyo, akasema, lile somo langu la kusoma la baada ya chakula cha mchana tulifute, watoto wacheze mpira.

Nilikasirika, lakini hasira si ushahidi. Niliketi nyuma ya darasa nikatazama.

Huku kwetu hatufundishi kimya. Mwalimu husema, darasa huitikia, na darasa lisiposikika hadi barabarani wazazi huuliza kama mwalimu amekuja kazini. Ndiyo maana tuliwasha tableti sauti ikiwa juu kabisa, wala hakuna aliyewaza vinginevyo. Sauti ya mwanamke ilisoma hadithi ya omena, wale dagaa wa ziwani, wanaoanikwa ufuoni, darasa likaitikia kila sentensi. Kisha sauti ikauliza swali, na vidole vikagusa picha ya jibu. Nyota. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hadithi ilikuwa nzuri, picha safi, Kiswahili cha kueleweka. Mkaguzi yeyote angeipa alama za juu.

Darasa lilipotoka kwenda kucheza nilimbakiza msichana aliyekuwa na nyota nyingi kuliko wenzake. Anaishi na nyanya yake, muuza samaki, na ndiye aliyeitwa mbele kila mgeni alipokuja. Nilimwomba mwalimu mkuu asimame nasi. Nikafungua hadithi ambayo mtoto hajaisikia, nikazima sauti, nikamkabidhi.

Aliitazama. Akaigeuza, akaipigapiga mgongoni kama redio iliyoishiwa na betri.

"Mwalimu, hii imezima."

"Si iko na taa?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Iko na taa, Madam. Lakini haina kitu."

Kioo kizima kilikuwa kimejaa maneno, meusi, makubwa.

Mwalimu mkuu hakubishana. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasubiri mtoto alisome, akakisogeza kwenye la pili, akasubiri tena. Mwishowe alikiondoa kidole, akaniambia somo la mchana liendelee, na niandike kwamba tableti hizi zinafundisha kusikiliza.

Niliandika hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeshinda, ila furaha sikuiona. Nilipomwambia msichana kwamba kuanzia kesho atabaki nami baada ya chakula, machozi yalimtoka.

"Lakini mwalimu," aliniuliza, "kwani nilikosa wapi?"

Hakuwa amekosa hata swali moja.