Kiti Hakichoshi Mtu

Siku ile ningesema hapana, neno moja tu, mkasa huu usingekuwepo. Lakini nilisema ndiyo, na ndiyo maana watu wa Nakuru wa rika langu (wale wachache tuliobaki) wakiniona bado wanakumbuka kijana aliyesimama uwanjani kwenye mbio za maili tatu, bado raundi moja, akainama kwa adabu mbele ya wageni wa heshima na kutangaza kwamba shahidi amemaliza. Shahidi gani, hata mimi sijui. Nacheka nikiandika, lakini msidhani nimepoa. Hasira ninayo, na aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa karani mdogo kwenye korti, miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, nina suruali mbili na kiburi cha kutosha suruali kumi. Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Subukia, ambako baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Nyumbani tulisema Kitugen, majirani wetu kwenye kambi ya wafanyakazi walikuwa Wakikuyu, Kiswahili kilikuwa cha wote, na shuleni nikaongeza Kiingereza. Lugha nne, na nilijivunia zote, na ndizo zilizoniponza.

Kitu kingine nilichojivunia ni mbio. Katika maili tatu hapakuwa na mtu wa kunisumbua ila mwanajeshi mmoja wa kambi ya Lanet, mrefu, kimya, na hata huyo tulikuwa tumekutana mara tatu na nikamshinda mara mbili. Jumamosi hiyo wawili wa kwanza walikuwa wachukuliwe kwenda Nairobi, na huko ndiko ilikochaguliwa timu ya kuvuka bahari. Lakini jambo kubwa kwangu halikuwa bahari. Baba alikuwa anakuja kuniona nikikimbia, kwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi alisema mtu anayekimbia bila kufukuza ndama aliyetoroka ana kasoro kichwani, na sasa, sijui nani alimlainisha, alikuwa amemwomba bwana wake barua ya ruhusa ya kutoka shambani siku hiyo (wakati ule hukutoka tu ukipenda), na alikuwa ameitangazia kambi nzima. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hakuigusa, na mlevi kwake alikuwa mtu aliyejitupa mwenyewe jalalani.

Jumamosi tulikuwa tunafanya kazi nusu siku. Mimi nilikwisha pewa ruhusa, nikapita ofisini asubuhi kutia sahihi tu, kisha nirudi chumbani nikalale mpaka saa nane. Nimelala vizuri usiku, nimekula uji na mayai, mwili unawaka. Karani mkuu, Bwana Ezekieli, akanikuta mlangoni. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole sana, ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kuomba kitu akanyimwa. Akaniambia mkalimani ni mgonjwa, kuna kesi moja ndogo, na hakuna mwingine anayejua Kitugen na Kikuyu pamoja. (Mkalimani hakuwa mgonjwa. Alikuwa Naivasha kwa wakwe zake, na aliyempa ruhusa kimyakimya ni huyuhuyu Ezekieli, lakini hilo nililijua baadaye.)

Nikamwambia leo nakimbia.

"Si utakimbia kwa miguu?" akasema. "Hii ni kazi ya mdomo. Kaa, miguu ipumzike. Saa nne uko nje. Kiti hakichoshi mtu."

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka, nikaona ana akili. Na kwa kuwa nimekwisha amua kusema yote, nitaongeza kwamba nilikuwa naitamani ile kazi ya ukalimani, na nilitaka hakimu anione. Kwa hiyo nisije nikamtupia Ezekieli mzigo wote. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na miguu ninayoisifia ilikuwa na uwezo wa kutoka.

Kesi yenyewe ilikuwa ya fahali mmoja mwekundu. Mchungaji wa Kitugen alisema ni wake kwa sababu ya alama aliyokata sikioni. Mama mzee wa Kikuyu alisema fahali amezaliwa nyuma ya nyumba yake na alama hiyo ni ya kung'atwa na mbwa. Hakimu, mzungu mwembamba mwenye miwani, hakujua lugha ya yeyote kati yao na alitaka kila neno, hata kikohozi nadhani angetaka nikifasiri. Anauliza kwa Kiingereza, mimi nageuza kwa Kikuyu. Mama anajibu kwa kuanzia kwa bibi yake huyo fahali, ng'ombe aliyenunuliwa kabla ya vita, mimi nageuza kwa Kiingereza, na palepale nageuza tena kwa Kitugen ili mchungaji asikie anavyosemwa. Mchungaji anakasirika, anajibu kabla hajaulizwa, nageuza pande mbili, na hakimu ananitazama juu ya miwani akiuliza kama mama alisema sikio la kushoto au la kulia. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Tarishi akaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu, nikala nikashiba, maana baadaye kuna waliosema ni njaa. Haikuwa njaa. Mwili wangu haukukosa kitu siku ile. Nilikuwa nimekaa kama bwana harusi.

Ila kichwa, jamani. Kufikia saa nane nilikuwa nasikia maneno kama mtu anayesikiliza chini ya maji. Mara moja nilimgeukia hakimu nikampa jibu zima kwa Kikuyu hichohicho nilichotoka kukisikia, na yeye, kwa kuchoka kwake, aliandika mstari mzima kabla ya kusimama na kunitazama. Kesi ikaahirishwa saa tisa kasorobo. Hakimu akakusanya karatasi, akasema tutaonana uwanjani, kwani yeye naye alikuwa mgeni wa heshima huko.

Nikabadilisha nguo, nikajichua miguu na ile dawa yetu ya kuchua yenye spiriti, iliyonuka mpaka barabarani, nikaenda. Baba nilimwona mara moja. Alikuwa amesimama kwenye kamba, koti la kanisani, kofia mkononi, na walio karibu naye walinigeukia wote pamoja, nikajua amekwisha waambia yule ni wake.

Bastola ikalia tukatoka. Raundi kumi na mbili. Huwa raundi nne za kwanza sizihisi kabisa. Siku ile raundi ya pili niliihisi kama ya tisa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo watu walipokataa kunisikiliza miaka yote hii: sikuhema vibaya, misuli haikuniuma, kifua kilikuwa wazi. Miguu ilikuwa na nguvu. Ila kila hatua ilibidi niiombe, kama mtu anayemwamsha mlinzi aliyelala, na kila nikiomba naona ombi lenyewe ni zito kuliko lililotangulia. Mwanajeshi wa Lanet akaondoka mbele taratibu, na mimi nikamtazama tu akienda.

Kisha mdomo ukaanza. Kijana mmoja upande wa baba alipaza sauti kwa Kitugen kwamba nimshike huyo mrefu, na mimi, nikiwa katikati ya mbio, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti safi ya kortini, kwamba anasema nimshike huyo mrefu. Mkimbiaji niliyekuwa naye bega kwa bega akanitazama akasogea pembeni kidogo. Upande wa pili mwanamke mmoja akaniambia kwa Kikuyu nikaze mwendo, nami nikautangazia uwanja mzima kwa Kiingereza kwamba mama anasema nikaze mwendo. Nilijisikia nikisema. Nilijua si sawa. Lakini kujua kulikuwa mahali pamoja na kuacha kulikuwa mahali pengine. Watu wakaanza kucheka, na raundi iliyofuata wakanipigia kelele makusudi, kila mtu kwa lugha yake, waone kama nitajibu. Nikajibu. Pumzi yangu yote niliigawa bure kwa watu wasionidai kitu.

Hata hivyo (na hili huniuma mpaka leo) nilikuwa wa tatu, hatua chache tu nyuma ya wa pili, na wa pili alikuwa anayumba. Nairobi ilikuwa palepale. Ndipo kengele ikalia. Kila mtoto wa shule anajua kengele maana yake imebaki raundi moja. Mimi nilikuwa nimeisikia kengele hiyo mara mia. Siku ile niliisikia nikafurahi kwamba imekwisha. Nikafyatuka kwa nguvu zilizobaki, nikampita wa pili, nikavuka mstari mikono juu, nikasimama. Mbele yangu ilikuwa meza ya wageni, na kwenye meza ile uso niliokuwa nimeutazama tangu asubuhi. Nikainama.

"Shahidi amemaliza, Mheshimiwa," nikasema.

Na hakimu, mkono wake ukiwa tayari umeshika kalamu asiyokuwa nayo, akaitikia kwa kichwa na kusema shahidi anaweza kwenda kuketi. Basi nikaketi. Kwenye nyasi, miguu mbele, nimetulia.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hakimu akaona haya, akavua miwani akaanza kuifuta. Lakini niambieni: nani alisema hakimu amelewa? Hakuna. Yeye alikuwa amechoka, maskini, kazi nyingi. Mlevi nilikuwa mimi. Nililisikia neno hilo likipita kwenye kamba kutoka mtu hadi mtu, amelewa, huyo amelewa, mwangalieni. Mpiga kengele akanikimbilia akinisukuma, kimbia, bado moja, nami nikaruka nikakimbia jinsi nilivyokuwa nimeelekea, yaani kinyume. Nikakutana na wenzangu uso kwa uso. Wa kwanza akanikwepa, wa pili akanikwepa, mimi nikamkwepa wa tatu, nikaingia kwenye kamba, nikaanguka nayo. Nilipoinua macho niliona viatu vya kanisani vya baba.

Aliinama. Nilidhani ananiinua. Alikuwa ananinusa. Na mimi nilikuwa nanuka spiriti ya miguuni.

Bwana Ezekieli alikuwa karibu, alikuwa amekuja kutazama. Baba akamgeukia kwa Kiswahili chake cha shambani, akamuuliza kijana huyu alikuwa wapi tangu asubuhi.

"Kwetu kortini, mzee," akasema Ezekieli.

"Mlimpa kazi ngumu?"

Ezekieli alitupa jicho kwenye meza ya wageni. Kama angesema ukweli, hakimu angeuliza mkalimani alikuwa wapi. "Kazi gani, mzee," akasema kwa ile sauti ya upole. "Alikuwa amekaa. Kiti hakichoshi mtu."

Nikafungua mdomo nimweleze baba. Maneno yakatoka, mengi, yamepangika vizuri, na yote yalikuwa ya Kiingereza. Baba hakujua hata neno moja la Kiingereza. Alinisubiri kidogo, nikajaribu tena, yakaja ya Kiingereza tena. Akavaa kofia yake akaondoka.

Nilimfuata Subukia Jumapili, nikamweleza kwa Kitugen, tangu fahali mpaka kengele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mtu anaweza kulewa kwa kukaa. Jibu nimepewa na mjukuu wangu anayesomea mambo ya mwili wa binadamu, nilipomsimulia kisa hiki juzi hapa nyumbani Free Area. Hakucheka. Aliniambia ubongo ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi huchoka kweli, na ukichoka huipima kila kazi kuwa kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo mtu huachia mapema ingawa moyo na misuli bado vina nguvu. Na kuhesabu, na kujizuia mdomo, huharibika pia. Akalieleza kama jambo jepesi. Nilitoka nje nikasimama uani kwa hasira, mzee mzima, kwa sababu maneno hayo niliyahitaji Jumapili ile.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia nikae tu, haitachukua muda, mimi husimama. Haijanirudishia kitu. Mwanajeshi wa Lanet na yule aliyekuwa anayumba walikwenda Nairobi, na mimi sikuitwa tena. Hilo nimelizoea. Lakini baba aliishi miaka tisa zaidi, na kila nilipokwenda kwake aliomba kabla ya kula, akamwomba Mungu aniokoe na chupa, mimi ambaye sijaonja pombe hadi leo. Hakuja kuniona nikifanya jambo lolote tena. Alikufa akiamini kwamba mwanawe ni mlevi na mwongo, na nilinunua hilo kwa kukubali kukaa kwenye kiti.