Kiraka cha Begani

Juzi, ndugu yangu, nilimkuta binti yangu ameketi kitandani na mkasi mdogo wa kucha, anafumua jaketi langu la jinzi. Kisa? Ana sherehe shuleni, na ameona mtandaoni kwamba mapanki, wale wa muziki wa panki, huvaa nguo zenye matundu, sasa langu limejaa viraka. Nilimfokea kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu. Lakini alikuwa ameshafika begani, na alichokikuta chini ya kiraka kile kilinirudisha Turffontein, mtaa nilikokulia, jiji moja na Soweto.

Tulikaa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Mama alikuwa fundi cherehani, tulitoka naye Bukavu nikiwa mdogo, na sebule yetu ilinuka mafuta ya mashine na vitenge vipya. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee aliyeuza gari lake akabaki na gereji tupu. Kila Jumamosi alasiri gereji hiyo ilikuwa yetu, bendi yetu na watoto waliokuja kutusikia. Tulipiga panki, tena ile kali kuliko zote, nyimbo za dakika moja na nusu, mpaka mabati yanatetemeka. Siku za mbio, mtangazaji wa farasi alishindana nasi kwa vipaza sauti vyake, na naapa kuna siku tulimshinda.

Wale watoto niliwapenda, na hadi leo sijaona watu kama wao. Walitoka Soweto, Doornfontein, wengine hata Sandton kwa magari ya wazazi wao, na mlangoni hakuna aliyekuuliza karatasi zako wala lafudhi yako. Shuleni nilinyamaza ili nisichekwe. Gerejini walinipa maikrofoni. Kila kitu tulikifanya kwa mikono yetu: matangazo tuliyachora wenyewe, fulana tulizichapa jikoni kwa kina mpiga ngoma wetu. Njaa ikiuma tuligawana kota moja kutoka kiduka cha spaza, robo ya mkate iliyojazwa chipsi na achari, vinywa vinne. Sheria ilikuwa moja tu. Watu wanasukumana kama ng'ombe zizini, lakini mtu akianguka wote wanasimama, anainuliwa, ndipo wimbo unaendelea. Mimi nilikuwa na mtindo wangu: wimbo wa mwisho nilijitupa kwenye saruji, kila mara kwa bega la kushoto. Uvimbe niliuficha nyumbani, hata nikioga nilifunga mlango kwa komeo.

Mama hakuipenda panki. "Munakasirikia nani mule ndani?" aliniuliza, macho yakiwa kwenye sindano. Nikamwambia tunaimba tu. "Kuimba ni kanisani. Mimi mule sitakanyaga." Na mama akisema, amesema. Nilimbembeleza aje siku moja, asimame mlangoni dakika tano tu, anisikie. Akaniambia nimletee uzi mweusi.

Siku moja zipu ya jaketi iliharibika, nikamwachia. Sasa jaketi lile nilikuwa nimelichana mwenyewe kwa wembe, wiki nzima, kila tundu na mpango wake. Lakini mama ni fundi. Alipoona nguo ya mwanawe imeraruka alitengeneza zipu, akaziba kila tundu kwa kipande cha kitenge, akalifua, akalipiga pasi mpaka mikono ikasimama mstari. Nililikuta Jumamosi asubuhi limetundikwa mlangoni. Nililia, sikufichi. Nikalivaa kwa sababu sikuwa na jingine.

Mpiga ngoma, dada mrefu wa Soweto, alinizungusha mara mbili, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Eish. Nani amekufanyia hivi?"

"Mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mwambie na mimi ninalo langu."

Wiki iliyofuata mapanki watano walikaa sebuleni kwetu, wamevua viatu mlangoni, wanamwita Mama. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema kwa Kiswahili wasichokielewa, "Maskini, nguo za hawa watoto ziko na vidonda." Akawapa chai, akawashonea. Lakini kuja gerejini, wapi. Baridi ya Juni ilipoingia alilichukua tena jaketi langu, akaongeza kiraka kikubwa cha kitenge cha bluu begani. Sikumuuliza kwa nini. Miezi ile bega liliacha kuniuma, nikajisifu kwa wenzangu kwamba sasa nimekomaa.

Tulitawanyika, kama watu wanavyotawanyika. Gereji ile sasa wanabandika vioo vya magari. Nilisimama pale mwaka huu nikishangaa, kijana akaniuliza kama kioo changu kimepasuka. Mama tulimzika mwaka juzi. Nilimlilia kwa mengi, na moja sikumwambia mtu: kwamba aliondoka hajawahi kunisikia hata mara moja.

Basi chini ya kitenge cha bluu binti yangu alikuta blanketi. Lile la kijivu tulilokuja nalo kutoka Bukavu, limekatwa, limekunjwa mara nne, limeshonwa kwa uzi mweusi. Nikapapasa bega la kulia, hakuna kitu. Kifua na mgongo, ambako fundi huweka joto, hakuna. La kushoto tu, bega ambalo sikumwonyesha mtu yeyote nyumbani. Mama alikuja. Alisimama mlangoni, ndugu yangu, na hakuondoka baada ya dakika tano, maana mimi nilijitupa wimbo wa mwisho tu.

"Gogo alikuja?" binti yangu akauliza habari ya bibi yake, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu aliniona ninavyolia.

Nikamwambia alete sindano. Tulikirudisha kiraka wawili, yeye ameshika, mimi nashona, na mshono ukapinda vibaya. Mama angeuona, angeufumua wote aanze upya.