Coupé Iliyotoka Kasomeno

Mume wa yaya Honorine, dada yangu mkubwa, anaitwa Émile, na mimi, kwa kuwa ni mulamu wake, yaani shemeji, nina ruhusa ya kumtania mpaka siku ya mazishi yangu au yake. Desturi yetu ndiyo hiyo, na nimeitumia vizuri. Nimeshamwambia kwamba Honorine angeolewa na mbuzi, angalau sisi wakwe tungekula nyama. Yeye hucheka tu. Lakini juu ya lile gari lake sikuwa na utani, na mpaka leo sina.

Gari alilitoa Kasomeno. Wakati ule Émile alikuwa akizunguka barabara ya Kasenga kutengeneza majenereta ya watu, na siku moja, kwenye kiwanja cha mkulima mmoja aitwaye Mwape, aliona kuku wakitokea dirishani mwa gari dogo la milango miwili. Lilikuwa gari la kasi la Kiitaliano, la zamani, ambalo wazee wa mjini huku huliita coupé. Mgiriki mmoja aliyekuwa akifanya biashara ya samaki aliliacha pale wakati wa machafuko, akasema atarudi. Hakurudi, na kuku wakarithi.

Émile aliinama, akafuta mavi ya kuku mlangoni kwa kiganja chake, na chini yake ikatokea rangi nyekundu kama nyanya iliyoiva. Basi, akili ikamwishia pale pale. Aliomba lori la mahindi limletee lile kopo mpaka nyumbani kwake Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, akamwita Honorine aje kuona. Akashika usukani, akamwambia, "Nitakutembeza nayo ku hoteli ya Karavia. Miye ku volant, weye pembeni yangu." Yaya yangu alitazama viti vilivyojaa manyoya, akauliza kama mayai pia yalikuwa ndani ya bei.

Watu wa pwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi Lubumbashi hatuna bahari, lakini tuna comité. Hapa watu watatu wakikutana mara mbili wanachagua rais na mshauri. Comité ya Émile ilikuwa ya wapenzi wa magari ya zamani, na kila Jumapili baada ya misa walikaa uani kwake, chini ya bati, wakilizunguka lile gari kama wagonjwa wanavyozunguka bomba la maji. Wakubwa wao walikuwa wawili. Constantin, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki na mama yake Mubemba wa Kasenga, ana garage yake mwenyewe na hajawahi kukubaliana na mtu yeyote juu ya gari lolote. Doudou ni fundi wa bodi na rangi, mtu wa kucheka, mikono yake daima myeupe kwa vumbi la mastic, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi.

Walikuwa na sheria yao. Mtu akitaka kutoa ushauri, maneno matupu hayatoshi. Ananunua chupa ya bia, anaiweka mezani mbele ya mwenye gari, ndipo anafungua mdomo. Mwenye gari akinywa, amekubali, na ile kazi lazima ifanyike kabla moteur, yaani injini, haijawashwa. Akitaka kukataa, anapindua glasi yake kifudifudi. Hakuna matusi, hakuna ugomvi. Nasema ni sheria nzuri kwa mtu anayejua kukataa.

Émile hajui. Marehemu mama yake alimlea akiamini kwamba kukataa cha mtu ni kumtemea mate usoni, kwa hiyo alikunywa. Alikunywa breki mpya za gari la Kijapani. Alikunywa carburateur mbili mahali pa moja. Alikunywa ushauri wa kukata spring ili gari likae chini kama la mashindano, kisha mwingine akaja na chupa yake kusema mashimo ya barabara zetu yatalipasua tumbo, akanywa na huo, spring zikainuliwa tena. Gari lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa. Constantin alipenda kusema haraka haraka haina baraka. Honorine, aliyekuwa akipita na sufuria, alimjibu: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mwaka jana wakati wa kiangazi Émile alianza kujikwaa kwenye mabeseni. Akimimina chai, inaenda mezani. Nilimtania kwamba sasa amezeeka rasmi, nikamwambia Honorine atafute mwingine. Honorine hakucheka. Alimpeleka kwa daktari wa macho, wakarudi nyumbani wote wawili kimya, na yaya akaniita jikoni. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ingezuia kidogo kilichobaki, labda. Émile alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na lile bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba.

Jioni ile ile alituketisha, mimi na mke wake.

"Musiambie bantu ba comité," alisema. "Bakijua, batanitosha ku volant. Miye ninataka kuendesha ile mutoka miye mwenyewe, mara moja tu, njia ya Karavia, na Honorine pembeni, nikiona barabara. Kiisha, macho inaweza kufa."

"Basi baambie bafanye mbiyo!" nilimwambia.

"Nikibaharakisha, batauliza juu ya nini niko na haraka."

Ndipo ilipoanza ile miezi ambayo sitaki kuikumbuka. Kila Jumapili mtu anakuja na chupa na wazo jipya, na Émile anakunywa. Wao walidhani wana wakati wote wa dunia. Yeye alijua hana, na alikaa pale akitabasamu, akiogopa kuondolewa kwenye usukani wa gari ambalo halitembei. Nilimwona Honorine akichambua lengalenga huku machozi yanadondoka kwenye majani, akayaosha mara ya pili kwa sababu ya chumvi, alivyosema. Usiku niliomba Mungu ampe huyu mwanamume macho ya miezi michache tu, halafu asubuhi naomba amharibie Constantin gari lake ili akae kwake. Hakuna hata ombi moja lililosikilizwa.

Jumapili moja Constantin alikuja na chupa baridi, akaiweka mezani kwa heshima zote.

"Vieux Émile, écoute. Hii boîte yako iko na vitesse ine tu. Miye niko na moya ya vitesse tano, iko muzima kabisa. Tunashusha moteur tena, tunaipima, tunaifunga bien. Utanishukuru."

Kushusha moteur tena, juu ya gia moja ya ziada! Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya karanga, nikamtazama mulamu yangu. Alitabasamu kama kawaida yake, akanyoosha mkono kuchukua chupa. Mkono ukashika hewa. Akaurudisha kidogo kushoto, ukashika hewa tena. Mara ya tatu ukagonga glasi.

"Ah, vieux, umelewa mbele ya kunywa?" Doudou alicheka. Kisha hakucheka tena. Meza nzima ilikuwa inautazama ule mkono.

Hapo hasira ilinipanda. Niliweka sahani chini, nikachukua glasi ya Émile, nikaipindua kifudifudi mezani kwa nguvu mpaka ikapata ufa.

"Haone!" nilipiga kelele. "Mulamu yangu haone! Anakufa macho tangu mwaka jana, na banyi munamunywesha carburateur! Anataka kupeleka bibi yake Karavia mara moja tu, munasikia? Mara moja! Na kila dimanche munamuibia wiki!"

Constantin alisema polepole, "Martine, glasi inapinduliwa na mwenye mutoka."

Alikuwa sawa, sheria ni sheria. Ndipo Émile akapapasa kwa mkono juu ya meza mpaka akaipata ile glasi, akaweka kiganja juu ya kitako cha glasi, na hakukiondoa.

"Juu ya nini haukutuambia?" Constantin aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Mungenitosha ku volant."

Constantin aliinua ile chupa baridi mezani, akaiweka chini ya kiti chake.

Kuanzia kesho yake walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Constantin alifunga garage yake, wateja wakamtafuta bila kumpata. Hakuna aliyeleta chupa. Jambo lililowasumbua zaidi lilikuwa joint ya culasse, ile pete bapa inayokaa kati ya moteur na kichwa chake, ambayo ya gari lile haipatikani hapa wala Zambia. Doudou akasema sisi ni watu wa shaba, tutakosaje kipande cha shaba? Akakata joint kutoka bamba la shaba, kwa mkono. Lakini shaba ngumu haizibi. Lazima ichomwe mpaka iwe nyekundu, halafu itiwe kwenye maji ili ilainike, na ikichomwa kupita kiasi inayeyuka yote. Katika comité nzima mwenye jicho la kuijua ile rangi alikuwa Émile.

Alisimama mbele ya makaa, uso umeelekea moto, lakini rangi haioni. Honorine, ambaye tangu siku ya kuku hakuwahi kukanyaga chini ya lile bati, akaenda kusimama karibu naye.

"Iko namna gani?" Émile alimuuliza.

"Iko nyeusi. Ngoya. Sasa iko sawa tofali."

"Bado."

"Iko sawa... sawa tomate ya kuiva."

"Mu maji!" Émile alipiga kelele, na Doudou akaitumbukiza. Ililia kwenye ndoo. Joint ilitoka laini, na Constantin akaigeuza mikononi mwake bila kutaja kasoro, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Wakati huo mvua zilikuwa zimeshaanza. Rangi haikauki vizuri kwenye unyevu chini ya bati, kwa hiyo Doudou alituambia pembeni, Émile asisikie, kwamba moteur kwanza, rangi itafuata. Gari likabaki na koti la apprêt ya kijivu, ile rangi ya chini ya kutangulia, na mabaka ya mastic ambayo hata msasa hayakuwa yamepata. Tulikimbiza moteur. Lakini kule machoni mambo yalikimbia kutushinda sisi. Émile aliacha kutuambia anaona nini. Nilimwona tu akihesabu ukuta kwa vidole akienda chooni, na nilijua.

Jumapili waliyoiwasha, mvua ilikuwa imekatika. Moteur ilikohoa, ikatema moshi, kisha ikashika. Sauti ile ilinitetemesha kifuani, naisema bila aibu, mimi niliyeichukia tangu mwanzo. Comité walirukaruka wakikumbatiana. Honorine alitoka nyumbani na kitenge cha siku ya ndoa yake, akaingia garini, akaketi kiti cha pembeni. Émile akaketi kwenye usukani, akakanyaga, akaingiza vitesse, na lile gari la kuku likatoka chini ya bati, likapita uani taratibu, mpaka kwenye geti lililokuwa wazi.

Hapo lilisimama.

"Enda, vieux," Constantin alisema, ameinama dirishani. "Njia iko wazi kabisa."

Émile alitazama mbele kwa muda mrefu. Barabara ilikuwa tupu kweli, inang'aa kwa maji ya mvua.

"Constantin," alisema, "miye naona mwangaza tu. Sijue kama ni njia ao ni ukuta." Akavuta breki ya mkono. "Siwezi kuua mutoto wa muntu juu ya hamu yangu."

Nilimkasirikia Mungu pale pale getini, na bado hatujasuluhishana. Wiki chache tu! Chupa mbili tatu zisizonywewa, na angeiona barabara.

"Teremuka kidogo, nibapeleke miye," Constantin alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Banyi wawili. Karavia ni hapa tu."

"Sikukuwa nangoya Karavia," Honorine alijibu. "Nilikuwa nangoya huyu bwana."

Moteur iliendelea kunguruma. Émile aliweka mkono wake wa kushoto nje ya dirisha, juu ya mlango, kama vijana wanavyofanya wakitaka waonekane.

"Doudou," aliita. "Ile rangi ilitoka muzuri? Iko rouge?"

Doudou alilitazama lile gari la kijivu lenye mabaka, lisilo na tone la rangi nyekundu. Ndipo Constantin alikwenda mezani, akachukua chupa, akaifungua, akarudi nayo, na safari hii hakuiweka popote. Aliitia moja kwa moja kwenye mkono wa kulia wa Émile, akamfunga vidole.

"Rouge, vieux," alisema. "Rouge ile ile ya Mugiriki."

"Rouge kabisa," Doudou alisema.

Comité nzima ikasema rouge. Hata mimi, ambaye mdomo wangu haujui kunyamazia uongo, nilisema, "Mulamu, inakushinda uzuri."

Mkono wa kushoto wa Émile ulikuwa unatembea juu ya mlango, polepole, kiganja kile kile kilichofuta mavi ya kuku kule Kasomeno. Nilikiona kikipita juu ya apprêt iliyokwaruza, kikafika kwenye baka la mastic, kikasimama ukingoni mwake. Kilikaa pale. Honorine naye alikuwa anakitazama.

Kisha aliinua ile chupa, akanywa mpaka ikaisha, akazima moteur.